Mtego wa Nephtali Kati ya Galaksi

Shemeji yangu Nephtali hajui kusema uongo. Wengine husema hivyo kuhusu ndugu zao kwa kuwasifu. Mimi nasema kama unavyosema kwamba fulani ana pumu: ni hali aliyozaliwa nayo, na nyumba nzima hujipanga kuizunguka.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa Makiso, katikati ya mji wetu wa Kisangani, wanazisimulia vibaya. Wapo wanaosema ukoo wetu uliuza hewa. Wapo wanaosema tuligawana mbingu. Hatukuuza kitu, na kilichogawanywa si mbingu, ni gesi, tena gesi ya mahali pamoja panapojulikana. Nilifundisha Kifaransa kwa miaka ishirini na sita. Nikiona sentensi yenye kosa siwezi kuipita, sembuse sentensi inayotaja jina la marehemu mume wangu.

Mume wangu Alexis alikuwa Mgenia, mmoja wa wale wavuvi wa maporomoko. Mimi ni binti wa Isangi, baba yangu alikuwa karani, na niliingia katika ukoo huu na diploma yangu mkononi. Wanaume wa ukoo hukita miti mirefu katika mashimo ya mawe, palepale mto unapoanguka, huifunga kwa kamba za porini, na kwenye jukwaa hilo hutundika migono, vile vikapu vya mtego vyenye mdomo mpana ambavyo mkondo huwasukumia samaki ndani. Kila jukwaa lina mwenyewe. La Alexis lilikuwa la babu yake, na lilipaswa kwenda kwa mdogo wake wa pekee, Nephtali.

Sheria za ukoo ni mbili tu. Ya kwanza: kila mwaka maji yanaposhuka, mwenye jukwaa aonekane akifunga kamba kwa mkono wake. Misimu miwili bila mkono wake, jukwaa linahamia nyumba inayofuata, isipokuwa awe na udhuru: ugonjwa, matanga, kazi ya kanisa, au mtego kwenye maji mengine. Ya pili: mtu mmoja hana zaidi ya nafasi mbili za kutega, ili mwenye nguvu asiumeze mto peke yake.

Mwaka uliofuata kifo cha Alexis, Nephtali alikwenda kufunga kamba. Anafundisha fizikia chuo kikuu, kwa hiyo alikwenda na rula, na kipima pembe, na daftari. Alifunga siku tatu. Siku ya nne jukwaa liling'oka zima, likashuka na mto wima kama askofu kwenye maandamano, likavunja migono mitatu ya binamu yake Emile na kupita mbele ya kanisa kuu wakati watu wanatoka misa. Wazee walikutana siku hiyohiyo wakamkataza kugusa kamba yoyote. Mwaka uliofuata wazee walewale waliandika kwamba mkono wake haukuonekana.

Nyumba inayofuata ilikuwa ya Emile. Tayari alikuwa na jukwaa lake moja, zuri, maana Emile ana mkono wa kufunga kamba ambao hata mimi, nisiyempenda, lazima niukubali. La Alexis lingekuwa nafasi yake ya pili. Msimu mmoja ulikuwa umepita, wa pili ulikuwa unakwisha, na mimi nilikuwa na mabinti wanne na jina la mume wangu juu ya mawe yale. Sikuwa tayari kuliona likipewa Emile.

Sasa lazima nieleze kazi ambayo Nephtali huifanya nyumbani kwangu, anakoishi, kila alasiri akitoka kufundisha, la sivyo mtaifahamu kama watu wa sokoni wanavyoifahamu. Nyota hukaa pamoja kama watu mjini, na mji huo huitwa galaksi. Galaksi nazo hukaa kwa makundi, kama miji kando ya mto mmoja. Kati ya mji na mji tulidhani hakuna kitu. Kumbe kuna gesi, nyembamba kuliko unavyoweza kufikiri, na ina joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Joto hilo si sawa kila mahali: huku milioni themanini, jirani yake milioni thelathini. Nephtali hupima tofauti hizo katika kundi moja la galaksi. Hana darubini. Gesi ile hutoa miali kama ile ya kupiga picha ya mifupa hospitalini, chombo kilichoko angani hunasa mwali mmoja mmoja, na wenye chombo humwachia hesabu zake mtu yeyote mwenye subira ya kuzipakua kwa mtandao wa Kisangani. Nephtali anayo subira. Kundi lake lilichukua wiki tatu kushuka.

Digrii milioni thelathini yeye huziita baridi. Ananiambia mezani, Yaya, yaani dada mkubwa, leo nimepata sehemu ya baridi, nami naendelea kukata lituma, ndizi zetu za kupondwa, kwa kuwa katika nyumba ya watu waliosoma hatushangai ovyo.

Kikao cha kuamua habari za jukwaa kilifanyika uani kwa papa Carlos, mkubwa wa ukoo, ambaye wadogo wote humwita tonton, yaani ami. Nilikuwa nimemfundisha Nephtali jibu moja akiulizwa yuko wapi maji yanaposhuka, la kweli kabisa: niko chuo kikuu. Alijibu vizuri. Kisha papa Carlos akauliza la pili.

"Asubuhi tunajua, unafundishaka. Na kisha?"

"Kisha niko nyumbani, tonton. Napima joto."

"Nani mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa, tonton. Ni joto ya gesi ile iko katikati ya galaksi."

Emile, ambaye alikuwa ameketi mbele kwa suti, aliuliza kwa upole mkubwa kama gesi hiyo inaweza kuivisha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nephtali alimjibu kwa upole uleule kwamba haiwezi. Ni nyembamba mno, alisema, na hata mtu angesimama katikati yake asingeungua. Angeganda.

"Bon," papa Carlos akasema. "Iko moto digrii milioni makumi, na mutu anakufa na baridi."

"Ndiyo, tonton."

Papa Carlos akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi alitamka kwamba yeye ni mtu wa haki na hawezi kuhukumu kazi ambayo hajaiona. Jumamosi wangekuja watu watatu nyumbani kwangu kuitazama.

Walikuja yeye, Emile, na tantine Berthe, dada yake papa Carlos, ambaye anajua kwa kichwa mipaka yote ya mitego ya maporomoko tangu enzi za babu zao. Nilitandika kitambaa cheupe, nikahamisha picha ya Alexis ili iwatazame usoni, nikaandaa chai na mikate. Nephtali aliweka kompyuta yake juu ya meza na wote watatu wakaketi mbele yake kama mbele ya televisheni wakati wa mpira.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo tatizo la kazi ile. Kwa saa nzima mstari mdogo wa kijani ulitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Papa Carlos aliuliza ni nani anausukuma. Tantine Berthe alikula mikate mitano. Mwishoni ilitokea picha, wingu lenye nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine, na Nephtali akaeleza kwamba nyekundu ni moto na buluu ni baridi.

Emile hakuamini. Alinyoosha mkono, akaugusa upande wa chini wa kompyuta, na akauondoa haraka.

"Kweli iko moto," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na heshima.

Papa Carlos akagusa. Tantine Berthe akagusa kwa nyuma ya mkono, kama unavyogusa paji la mtoto. Walitazamana, wakaitikia kwa vichwa. Kesi ilikuwa imekwisha, tulikuwa tumeshinda, na Nephtali akafungua kinywa.

"Ile si joto ya gesi," akasema. "Ile ni ya mashine. Gesi iko mbali, joto yake haiwezi kufika hapa."

Nilimpa mkate. Alikuwa ameshamaliza kusema.

Papa Carlos alichukua kofia yake. Emile alianza kuzungumza habari za miti ya kukata, mingapi ingehitajika kulisimamisha upya jukwaa la Alexis, na niliona wazi kwamba alikuwa ameihesabu siku nyingi. Ndipo tantine Berthe, ambaye hakuwa ameinuka, akamuuliza Nephtali swali kana kwamba wako wawili tu jikoni.

"Ile miali, unaifuataka, ama inakuya yenyewe?"

"Inakuya yenyewe, tantine."

"Unachagula ya kuchukua?"

"Hapana. Inaingia ile inaingia."

"Na ikikosa?"

"Tunangoya."

"Inatokaka mbali?"

"Iko njiani miaka milioni mia mbili na makumi ine."

"Alafu inakuya kuingia mule." Akamgeukia kaka yake. "Carlos, weka kofia chini. Huyu mutu iko na mutego. Ni mbali tu."

Nakiri kwamba mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa nimeliona hilo. Mtu wetu anayetega Yanonge au Isangi hahesabiwi kuwa hayupo. Husemwa yuko majini, na anaruhusiwa kuazima mkono wa mwingine kwa jukwaa lake la hapa. Nilimwongezea tantine Berthe chai, na mkate wa sita.

Papa Carlos aliketi tena na kuuliza kama inavyopasa. Maji yale yana mwenyewe? Nephtali akasema kwamba kuna mwanamke mmoja wa Japani aliyepima kundi lile kabla yake. Aliombwa ruhusa? Aliombwa, na barua ilikuwepo: alisema tumia upendavyo, ila utaje jina langu. Tantine Berthe alisema huyo mwanamke amelelewa vizuri. Fungu la kwanza la mavuno huwa linapelekwa kwa mkubwa wa ukoo, je, lilipelekwa? Halikupelekwa, Nephtali akakiri, kwa kuwa mavuno yake ni namba. Papa Carlos akasema namba ziletwe hivyohivyo, kila Jumamosi, kwenye karatasi safi.

Emile aliona jukwaa linamponyoka. Alisimama.

"Mule ndani iko nini, professeur? Usizunguke. Ukiteka ndoo moja, unapata nini?"

"Karibu bila kitu," Nephtali akasema. "Ndoo moja, pengine chembe kumi. Na chembe zenyewe mutu hawezi kuziona na macho."

Nilifumba macho yangu. Hakuna mtego wenye chembe kumi zisizoonekana ambao ukoo wa wavuvi ungeuheshimu.

Lakini Emile alikuwa amesita. Alimtazama Nephtali, na niliona usoni mwake jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona tangu Nephtali azaliwe: alikuwa anamshuku kwamba anadanganya. Hapa Kisangani hatukuzaliwa jana. Babu yake Emile alikuwa na shamba. Walikuja wageni na vyombo, wakapima wiki mbili, wakasema hakuna kitu, baba, lima tu muhogo wako. Mwaka uliofuata walikuwa wanachimba almasi kwenye muhogo huo. Tangu hapo katika nyumba ile mtoto hufundishwa kwamba mahali wageni walipopima na kusema hakuna kitu, hapo ndipo pa kujenga uzio.

"Wazungu watume chombo juu," alisema polepole, "kikae mule miaka, juu ya chembe kumi? Tonton, huyu anaficha."

"Sifichi, ndugu."

"Anaficha. Na nani alilipaka masomo yake? Samaki ya ukoo. Donc mutego ni wa ukoo. Nataka nusu."

Papa Carlos alifikiri, akaona dai lina mashiko. Kweli Nephtali alisoma kwa samaki. Nephtali alikuwa anavuta pumzi ili aeleze kwamba gesi ya kati ya galaksi haiwezi kuwa mali ya mtu, na nilijua kwamba pumzi hiyo ikitoka mtego wote utavunjika, na jukwaa litakwenda nao. Kwa hiyo nilimuuliza mimi kwanza, mbele ya wote, kwa sauti yangu ya darasani.

"Nephtali. Kuna mtu aliyekatazwa kupima gesi hiyo?"

"Hapana, Yaya. Kila mutu anaweza."

"Emile ni mtu?"

Alifikiri, kwa kuwa yeye hujibu kila swali kwa haki. "Ndiyo," alisema.

"Basi."

Kisha nikamgeukia Emile, maana sitaki iandikwe popote kwamba mjane wa Alexis alimtega mtu. Nilimwambia wazi, kama shemeji kwa shemeji: bokilo, una jukwaa lako, ukichukua nusu ya gesi, hiyo ndiyo nafasi yako ya pili, na ya tatu haipo. Tantine Berthe alithibitisha kwamba ndivyo sheria inavyosema. Emile alitabasamu kama mtu anayemwona mwenzake akikumbatia gunia tupu.

"Mubaki na samaki zenu, bokilo."

Picha ya lile wingu ilichapwa kwa rangi katika duka moja la Makiso, na papa Carlos akaikata katikati kwa kalamu ya Bic, kutoka juu hadi chini, ulimi ukiwa umetoka kidogo kwa umakini. Emile aliruhusiwa kuchagua. Alichagua upande mwekundu, wenye digrii milioni themanini, na Nephtali akabaki na wa baridi, ambao ndio aliokuwa anautaka miaka yote, ila hakuna aliyemuuliza. Wote walisaini. Jukwaa likabaki kwa nyumba ya Alexis.

Baadhi ya watu husimulia hadi hapo, wakacheka, wakaagiza chupa nyingine. Hawasemi kwamba Emile ni Mgenia, na Mgenia mwenye nafasi huonekana mkono wake juu yake. Alianza kuja nyumbani kwangu kila Jumamosi. Mwanzoni alikaa tu, kuhakikisha hakuna anayegusa nusu yake. Baadaye alitaka kujua mstari wa kijani unafanya nini. Akafundishwa. Ana akili, hilo silikatai. Alikosa shule tu. Sasa anajua kuchagua kipande cha wingu, kusubiri, na kusoma joto lake, na anajua kwamba kila namba huja na kiasi cha kukosea, kidogo juu au kidogo chini. Jambo hilo lilimuudhi wiki mbili nzima, kwa sababu aliona kama ni watu wa chombo wanaomkata kidogo.

Kila Jumamosi jioni wanapeleka fungu kwa papa Carlos. Yeye huzisoma namba kwa sauti, digrii kwa digrii, mkewe akisikiliza, na kuiweka karatasi ndani ya Biblia, katika kitabu cha Hesabu.

Nephtali alipoandika makala yake kwa jarida la nje, alimtaja yule mwanamke wa Japani, kisha, kwa kuwa ilikuwa kweli, akamshukuru Emile kwa ruhusa ya kutumia nusu ya mashariki, ile nyekundu. Mkaguzi wa jarida aliandika kuuliza maana yake. Nephtali alimjibu kwa kurasa nne. Mkaguzi hakuuliza kitu kingine, na makala ilichapwa na jina la ukoo wetu limeandikwa bila kosa. Nililikagua mwenyewe.

Kisha, mwezi kabla ya maji kushuka, lilitokea balaa. Wenye chombo walirekebisha vipimo vyao. Nephtali alipiga hesabu upya na upande wa Emile ukashuka kutoka milioni themanini hadi milioni sabini na moja.

Emile alikuja siku ya kazi, bila suti. Alisimama mlangoni, akasema amekuwa akituheshimu, amekula mezani kwetu, na sisi tumemwibia digrii milioni tisa. Nephtali alimwonyesha kila kitu. Alimwambia kwamba hata upande wake wa baridi umeshuka. Emile hakumwamini, wala hakuondoka. Angeondoka aende wapi? Mjini kote hakuna mtu mwingine wa kumsomea gesi yake. Ilibidi agombane na Nephtali na amsubiri Nephtali, vyote kwa pamoja, kwenye kiti kimoja.

Maji yalishuka. Nilikuwa nimetafuta vijana wa Yanonge waje kulisimamisha jukwaa, na asubuhi ile nilikwenda kwenye mawe nimevaa kitenge cha matanga ya Alexis, ili ionekane nyumba ya nani inajenga. Vijana walifunga vibaya. Hata mimi niliona. Emile, aliyekuwa kwenye jukwaa lake jirani, aliwatazama kwa muda, akatema mate mtoni, akaruka mawe matatu na kuwanyang'anya kamba. Alisema hawezi kuvumilia kuona fundo kama lile, hata kwa adui.

Nephtali alisimama juu ya jiwe, mbali na kamba zote kama alivyoamriwa, na karatasi za usiku uliopita mkononi. Maporomoko yalikuwa yananguruma, ilibidi apaze sauti.

"Kusini yako, milioni sabini na mbili."

Emile alikuwa ananing'inia juu ya maji, kamba moja kwenye meno. Aliitoa. "Na pembeni?"

"Sitini na nane. Ao sabini. Ndani ya kiasi cha kukosea."

"Kosea yenu," Emile akasema, akaivuta kamba ya mume wangu kwa nguvu zake zote, akaifunga. "Soma ingine."